Kalenda Mbili kwenye Friji

Kalenda mbili zimebanwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la limau.
Moja ni ya mgodi: siku kumi na nne nyekundu, Nibaldo yuko juu, jangwani Atakama;
siku kumi na nne nyeupe, yuko hapa Coquimbo, anakoroma, anaziba bomba.
Ya pili ni yangu, karatasi ya visanduku.
Naiandika kwa penseli, kwani mwili una haki ya kukana maneno yake.

Kila alfajiri, ukungu ungali umeikalia bandari,
kabla sijanena, kabla sijaenda msalani, kabla sijageuka ubavu,
kipimajoto chini ya ulimi.
Thelathini na sita nukta tatu. Nukta tatu. Nukta nne.
Naziunganisha nukta kama mtoto
aliyeahidiwa kwamba mwishoni atatokea bata.

Lakini joto hupanda yai likishashuka.
Yaani habari hunifikia baada ya matanga.

Basi nikajifunza dalili za kabla:
ute, kwanza mzito kama uji uliolala,
kisha siku mbili tatu unavutika baina ya vidole
kama ute wa yai. Ni ute wa yai hasa.

Mzunguko wangu siku thelathini na moja.
Wa mgodi ishirini na nane.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya gesi: kila mara nasogea siku tatu.
Machi, yai lilishuka siku ya pili tangu apande basi.
Aprili, ya tano. Mei, ya nane. Juni, ya kumi na moja.
Julai, ya kumi na nne, na yeye akafika kesho yake
na mkoba wa nguo chafu na mkate wa njiani,
na yai, ambalo umri wake ni siku moja,
lilikuwa limeshajifia.
Tulijaribu hata hivyo. Heshima kwa marehemu.

Damu inapokuja, kijitabu cha zahanati kinaagiza:
andika "siku ya kwanza".
Nani aliyeamua? Siku ninayofiwa
ndiyo naambiwa nianze kuhesabu.

Agosti! Nikaizungushia duara: siku ya tatu ya nyeupe.
Ermelinda, mama mkwe, akaliona duara,
akauliza kama ni siku ya kulipa maji.
Nikasema ndiyo.

Agosti hiyo mwili ukanitangulia kwa siku nne.
Jumanne kijiti kikatoa mistari miwili, mikoozi kama wanja,
na Nibaldo bado ana zamu tatu.
Sikulia. Nilikata tiketi ya basi la usiku kwenda Calama,
saa kumi na tano za mchanga pande zote mbili za kioo.
Rafiki yake Huenchumil akamshikia zamu bila kuuliza;
au aliuliza, akaambiwa ni jino.

Chumba cha kupanga, taa moja, blanketi lenye harufu ya mafuta ya taa.
Nibaldo akaingia, akaketi kitandani, akavua buti moja,
akalala na la pili mguuni.
Sikumwamsha. Vipi umwamshe mtu
aliyekaa siku kumi na tatu akipasua mlima?
Nikakaa gizani nikilisikiliza yai likizeeka.

Kulipopambazuka nikanyoosha mkono, kwa mazoea,
kukitafuta kipimajoto.
Mkono wake ukatangulia.
Akakiweka juu ya kabati, nisipofika,
akavua buti lile la pili.
"Leo usipime," akasema.

Sasa ni siku ya ishirini na tatu. Nukta zimekaa juu.
Sizisomi sana.
Katikati ya mstari kuna kisanduku kimoja kitupu,
na Ermelinda, aliyekuja kuchukua limau,
amekigusa kwa kidole:
"Hapa ulisahau?"

Hapana, mama.
Hapo sikusahau.