Mtoto wa Jicho

Kila Jumatatu Heino huniletea ndoo kutoka machinjioni,
macho kumi na mawili ya ndama chini ya kitambaa kibichi.
Haulizi ni ya nini. Anavua glavu, anapuliza vidole,
anatia sahihi, anaondoka na harufu yake ya dizeli.

Nje, Tartu imeganda. Mto unavukwa kwa miguu.

Nakata, nabinya: lenzi inateleza kiganjani,
tone gumu, safi, ungeweza kusomea gazeti.
Naizika katika barafu iliyopondwa.
Kabla chai yangu haijapoa, kiini kimeota ukungu:
kwanza kama pumzi kwenye kioo,
kisha maziwa,
kisha jicho la samaki aliyechemshwa.

Naitoa. Nafumba ngumi, nahesabu.
Nafumbua: mwanga unapita tena,
kana kwamba hakuna lililotokea.
Miaka kumi na tisa, na bado hushusha pumzi.

Mama haamini kwamba nalipwa kwa hilo.
"Hao watu wako," huuliza, "wanatakiana nini?"
Mimi huandika *protini hizi*.
Mama husema *wao*.

Hazitakiani kitu, Mama. Zimebanana humo
kama njugu guniani, na bado mwanga hupenya,
maana kila moja ina chaji, na chaji za aina moja husukumana;
zimeshika nafasi kama wasiojuana kwenye foleni ya benki.
Ila kila moja ina kiraka ubavuni kisichopenda maji.
Kiraka kikikutana na kiraka, huvutana,
kidogo tu, kwa umbali wa unywele
uliopasuliwa mara elfu hamsini.
Joto ndilo fujo linaloziachanisha.
Likipungua, zilizogusana husahau kuagana,
na mwanga, ukigonga vikundi, hupotea njia.

Nikiongeza chumvi, chaji hunyamaza.
Damu nzito kuliko maji, walisema.
Hawakutaja chumvi.

Nina namba moja ya kusemea yote hayo.
Juu ya sifuri, zinakimbiana. Chini ya sifuri, zinavutana.
Leo asubuhi, chupa ya nne: chini ya sifuri.
Dirishani, kipimajoto nacho.

Machi ile waliposombwa, Mama alikuwa tumboni.
Protini za kiini cha lenzi yake ziliumbwa humo,
ndani ya behewa la ng'ombe, kuelekea Siberia.
Ngozi imebadilika, damu imebadilika,
jina la nchi limebadilika.
Zile zimekaa pale pale.

Sasa anainua sindano mbele ya taa na haoni tundu.
"Mtoto wa jicho," alisema daktari.
Mama akacheka hadi akakohoa:
"Uzee wote huu, na bado nazaa?"

Nilikuwa nimemsimulia lenzi ya ndama na ngumi yangu.
Jumapili akanishika mkono,
akauweka juu ya jicho lake la kushoto,
akangoja.

Nilihesabu, kwa mazoea.
Nilijua. La kwake si la baridi, ni la miaka:
zilizokunjuka vibaya, zikashikana, hazirudi.
Hakuna kiganja chenye joto hilo.

"Behewani," alisema, chini ya mkono wangu,
"mama alinisimulia, usiku wa kwanza
kila mtu alikumbatia sanduku lake.
Usiku wa tatu, hakuna aliyejua mguu ni wa nani."
Kisha: "Baridi iliwafanya hivyo. Usiwalaumu."

Upasuaji ni tarehe kumi na nne.
Nimeuliza kama naweza kuichukua lenzi yenyewe.
Daktari anasema huivunja kwa mawimbi ya sauti
na kuifyonza; hakutabaki cha kunipa.

Leo, daftarini, mbele ya chupa ya tano,
nimeandika: *nyuzi nne, wameanza kukusanyika.*

Sikufuta.