Nani Alilala Hapa

Nilipewa kishikwambi, kofia, na mpaka:
kutoka jiwe lililopakwa chokaa
hadi manyara yanapoishia.
Kaya mia moja na arobaini, walisema.
Ramani yao ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.
Sijafika katikati, mia moja na arobaini zimekwisha.

Huku juu Kishiri ardhi ni ukoko.
Ziwa unaliona lote, limetandazwa kama bati jipya,
na dumu la maji ni mia tano,
mia saba punda akichoka.

Nani alilala hapa usiku wa kuamkia sensa?
Ndilo swali.
Si nani anaishi, si nani anadaiwa kodi.
Nani alilala.

Nyanzobe hakulala.
Alikuwa kiwandani akichuna sangara ngozi
mpaka saa kumi na mbili, vidole vimekunjamana kwa barafu.
Watoto wake wanne walilala.
Nikauliza, usiku ule mkuu wa kaya alikuwa nani?
Wa miaka kumi na moja akanyoosha mkono, kama darasani.
Mwongozo unasema wa zamu ahesabiwe kwake,
nikamwandika mama kana kwamba alilala.
Akacheka: "Angalau serikalini nimelala."

Nyumba iliyoishia kwenye linta.
Mwenyewe yuko Dodoma, hutuma saruji kwa msimu.
Chini ya turubai yumo mlinzi, Mazigo wa Ukerewe,
na mkewe, na binti, na mbuzi wawili wasio na safu yao.
Sakafu? Udongo.
Paa?
Akatazama juu kidogo.
"Andika: linakuja."

Mwanamke anayegonga kokoto hakusimamisha nyundo.
Umezaliwa mwaka gani, mama?
"Mwaka wa mvua zile, ziwa lilipopanda likaingia kwa watu."
Nikabofya sitini na mbili. Mashine ikakubali.
Debe kwa debe kilima kinashuka,
kinabebwa kwa toroli kwenda kuwa ukuta,
na nyuma ya kila ukuta
wanachungulia watano, sita, wanaisukumana
kumwona mwenye kofia.
Siku ile niliona meno ya maziwa
kuliko mvi.

Kwa Shigela nilikuta wanawake wamekaa chini,
sufuria kubwa zimeazimwa.
Nikageuka. Kijana akanikimbilia:
"Usituruke, karani."
Bibi amekata roho saa tisa usiku.
Mwongozo uko wazi: aliyekuwa hai saa sita, huhesabiwa.
Ikanibidi niulize.
"Alilala hapa," akasema. "Na bado amelala."
Nikaandika: Kwandu. Mwanamke. Mjane.
Umri, themanini na kitu. Mashine ikakataa *kitu*.
Themanini na nane, basi.
Kazi katika siku saba zilizopita?
"Alichambua choroko," alisema kijana,
na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Nyumba ya tatu kutoka pale, mtoto wa alfajiri,
kitovu kimefungwa uzi, jina bado,
na mwongozo ule ule haumjui.
Bhoke akamfunua khanga.
"Humwoni?"
Namwona, mama.
"Humsikii?"
Mtaa mzima ulimsikia.
"Basi mwandike."

Sikumwandika.
Sheria ni sheria, nilimwambia, na maneno yakanitoka
makavu kama bomba lao la mtaa,
lile lililofunguliwa kwa utepe na ngoma
likatema maji siku nne.
Nikachukua kalamu ya kuandikia milango,
nikatia namba yao juu ya kitasa.
Kisha, nimeshavuka mtaro, hakuna anayeniona,
nikachora kistari kimoja kwenye kiganja changu cha kushoto.

Jioni nilituma jumla.
Kaya mia tatu na nane.
Msimamizi akapiga simu: "Una hakika? Rudia kujumlisha."
Nikarudia. Ikatoka ile ile.

Nikanunua dumu langu.
Mia saba: punda amechoka.
Nikanawa uso
kwa mkono mmoja.