Upande Upi?

Studio ya Fundi Kapalata, pale Isevya,
inauzwa pamoja na ukuta wake:
ngazi za rangi ya mafuta zisizofika ghorofa yoyote,
friji la kuchorwa, maua yasiyodai maji.
Mimi nimenunua boksi la viatu. Elfu nane.
Ndani, negativu za miaka kumi na tisa
zimegandana kama tende.

Nazibandua moja moja kwa mvuke wa birika.

Huyu karani wa reli, bwana mkubwa ndani ya koti.
Koti ni la studio, moja kwa mji mzima,
limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo.
Huyu mtoto wa miezi mitano ameketi wima, peke yake;
tazama chini ya kitenge,
vidole vya mtu ambaye hakuitwa pichani.
Fundi alikuja kukata hapo, kwa wembe,
taratibu, kama anayenyoa nywele za kwanza.

Zamani tulisema kusafisha picha.
Sikuwahi kuuliza uchafu ulikuwa upi.

Kisha namba 214.
Mama.

Ile picha yake tunaijua sote. Ipo sebuleni, Cheyo,
juu ya redio, uso umegeuzwa kando,
anatazama ngazi kana kwamba kuna mtu anashuka.
Wageni husema, mama yenu alijua pozi.
Baba hudakia, "Mwaka ule tumbaku ililipa."
Mama hurudisha sinia jikoni.

Kumbe kabla ya ile ipo nyingine,
haikuchapwa.

Ametazama mbele.
Naiinua dirishani, na kwa kuwa negativu ni kinyume,
nywele zake ni mvi, meno yake makaa,
na kuzunguka jicho la kushoto
pameng'aa, peupe, pa duara,
kama taa ya treni ya Mpanda ikikata kona usiku.

Pembeni, pale ambapo wembe ungepita,
ncha ya kiatu. Cha kiume. Kimepigwa brashi.

Namwona fundi akiinua kichwa kutoka kwenye kamera.
Hakuuliza nani.
Aliuliza, "Upande upi, dada?"
Huruma ilikuwapo, siikatai.
Na mwenye pesa alikuwapo, mlangoni, anasubiri risiti.

Birika limekauka, linanuka chuma,
na bado sijajua
lile jicho alimfichia nani.