Baritoni Tatu Dukani kwa Nicanor

Nicanor Huarachi anazilaza juu ya blanketi
kama watoto watatu wa mama mbalimbali.
Saa mbili asubuhi, Oruro. Baridi ya huku juu
haibishi hodi: shaba inauma mdomo,
pumzi inanitoka nyeupe.
"Mchagua jembe si mkulima," ananitania.
Namwambia jembe halilimi
mbele ya mji mzima uliokaa kusikiliza.

Ya kwanza imepakwa fedha.
Napuliza noti moja, ndefu, ya chini,
na duka linageuka asali.
Kijana anayefagia anasimamisha ufagio.
Ni sauti yenye mnofu,
sauti ya mtu aliyekula akashiba, akakusamehe.
Napanda: fa, so, na nikifika kwenye la
inanijibu la, la,
inakimbilia juu, naivuta kwa midomo ishuke,
inashuka imenuna.
Mshale kwenye simu yangu unalalia kulia.

"Rangi hiyo huipati kwingine," asema Nicanor.
Kweli. Lakini kwenye bendi tuko baritoni wanane,
na rangi nzuri iliyotoka nje ya noti
ni hariri nyekundu matangani.

Ya pili bado ina nailoni ya kiwandani.
Imenyooka kama rula.
Kila noti imekaa kitini, magoti pamoja,
kama darasa siku ya mkaguzi.
Natafuta kosa, sipati; narudia, sipati.
Ila naingiza pumzi ndoo, inatoa kijiko.
Katika mji ambao hewa yenyewe
tunapimiwa kwa kibaba,
chombo cha namna hii ni mwizi mwenye adabu.

Ya tatu ina bonde shingoni, upana wa dole gumba.
Ilikuwa ya nani, Nicanor hasemi,
nami siulizi. Mgodi ukifungwa watu huuza.
Vali ya pili inalalamika ikibonyezwa.
Hii sikuipuliza: niliwaza tu, ikasema.
Sauti yake ni sufu,
inakuna kidogo, inatia joto.
Fa ya katikati inashuka. Inashuka kila mara,
kiasi kile kile, kama kaka mchelewaji
ambaye angalau huchelewa dakika zile zile.

Kichwa changu hakiniamini tena.
Namtuma Saturnina, binti yangu, ng'ambo ya barabara:
atupe mgongo, asijue ipi ni ipi.
Anarudi, pua nyekundu, mikono mifukoni.
"Ya kwanza ni wewe kwenye harusi ya shangazi Eulalia.
Ya pili ni redio."
Na ya tatu?
"Ya tatu sikuisikiliza vizuri, mama.
Nilijikuta natembea."

Hapo naikumbuka saa tisa ya usiku wa kanivali,
midomo imekufa ganzi, magoti yanaomba talaka,
na mashetani wa vinyago, pembe na vioo,
bado wanaruka mbele yetu wakidai mdundo.
Saa hiyo hakuna mshale wa simu.
Kuna kifua, kuna barabara,
na ile noti ambayo unajua itakusaliti wapi.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Naomba punguzo kwa ajili ya fa.
"Fa utaipandisha mwenyewe," asema Nicanor,
"wala sikutozi nauli."
Tunavutana hadi chai inapoa.
Mwishowe anatupia chupa ya mafuta ya vali
na kitambaa kilichokwishatumika.

Nyumbani nagundua haiingii kwenye kasha langu.
Saturnina anaifunga kwa poncho ya babake,
anabonyeza vali ya pili, inalalamika, anacheka.

Usiku naiota ile ya fedha,
noti moja, ndefu, ya chini.
Sijamwambia mtu.