Nta ya Kapela

Ijumaa, kabla ya kengele, Kapela aliingia na daftari la mwanawe,
moshi wa mizinga bado umeng'ang'ania shati,
akalifungua mezani kwangu kama mtu anayefungua bandeji.
Ukurasa wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe.
Wa tatu una alama ya dole gumba,
ya udongo, iliyokauka na kupasuka.

"Mwalimu, ada ya hapa nailipa kwa madebe ya asali.
Tangu Januari mtoto ananiletea matope mfukoni.
A iko wapi? Moja iko wapi?
Udongo uwahi ungali maji. Huyu wangu anakauka."

Sikumjibu.
Nilikuwa na watoto thelathini na mmoja na mikasi minne,
mmoja haukati mpaka ubembelezwe.

Ningemwambia nini?
Kwamba Mihayo alipokuja alishika penseli kama mpini wa shoka,
ngumi nzima, ncha ikavunjika mara tatu,
na mara ya tatu akaingia chini ya meza, akakaa huko mpaka uji?
Kwamba dole gumba lake na kidole cha shahada
vilikuwa jirani wasiosalimiana?
Kwamba penseli niliificha mimi, kwa makusudi,
nikampa udongo wa kichuguu,
ule mwekundu wa nyuma ya stoo,
tulioutwanga, tukauchekecha, tukaulaza majini usiku kucha?

Wiki ya kwanza aliupiga tu: pwa, pwa, pwa.
Ya pili akaviringisha nyoka,
wembamba kichwani, wanene mkiani, wote wake, asiguse mtu.
Machi akatunga uzi: mbegu ya boga, kipande cha bua,
boga, bua, boga, bua,
akikosea anarudi mwenyewe, sijasema kitu.
(Sizya siku hiyo alikata kitambaa pamoja na sketi yake.
Mama yake naye alinijia. Hayo ni mengine.)

Nilisema tu, "Njoo umwone."

Mihayo hakuinua kichwa.
Mbele yake, juu ya kipande cha boksi,
gogo la udongo, refu kama kiganja changu, limekombwa ndani,
na vifuniko viwili vya duara
alivyovipima, akavipunguza kwa ukucha, akavipima tena.
Kwenye kimoja alikuwa anatoboa tundu
kwa njiti ya kiberiti, akiizungusha kwa vidole vitatu,
vitatu vilevile vya penseli,
ulimi nje, pumzi ameibana.

Kapela akachuchumaa. Magoti yakalia.
"Tundu kubwa hilo. Siafu wataingia."
Mtoto akabandika tone la udongo, akasawazisha, akatoboa upya.
"Sasa?"
Baba akaunyanyua usawa wa jicho, akafumba la pili,
akachungulia ndani kwa muda mrefu
kuliko unavyostahili mzinga usio na nyuki.
"Utautundika na nini?"
"Kamba sijasokota."

Akaondoka bila kuaga. Mlangoni ndipo akageuka:
"Lakini Jumatatu mpe A."

Jumatatu nilikuta kizingitini, ndani ya jani la mgomba,
donge la nta, la manjano, zito kama kichanga,
na ukanda wa gome la myombo umeloweshwa, tayari kwa kusokotwa.
Barua hapana. Kapela haandiki.
Kwenye rejista ya ada, mbele ya jina lake,
huwa anaweka dole gumba.

Niliikata nta kwa uzi, kila mtoto na kipande chake.
Darasa zima la Sikonge likanuka asali.
Mihayo akaipasha viganjani, akaviringisha nyoka watatu.
Wawili akawaegemeza vichwa.
Wa tatu akamlaza katikati, akambana kwa vidole, pande zote mbili.

"Ngazi," akasema. "Ya kupandia mzinga."

Nami sikumsahihisha.