Uhakiki wa Maneno Mia Nne

Mhariri anataka maneno mia nne kabla ya saa nne usiku,
na nyota: moja hadi tano, nusu hazikubaliki.

Filamu nimeiona. Ukumbi wa Nkuhungu, viti vya plastiki,
upepo wa Julai ukilibetua pazia jeusi
kila tulipokaribia kulia.
Inamhusu mwongozaji wa filamu, jina lake Ndahani,
aliyekuja huku kwetu kutafuta kitu kimoja tu:
namna maji yanavyoshika mwanga yakitoka kwenye ndoo
kabla udongo mwekundu haujayanywa.
Mwaga. Hapana. Tena.
Jua limehama. Tena.
Mbuzi kalia. Tena.
Mkewe anapiga, mtoto ana homa. Anazima simu. Tena.
Ndoo ya arobaini na mbili ndipo anapotabasamu,
na taa za ukumbi zikawaka.

Daktari Chibehe wa chuo kikuu ndiye aliyetangulia kusimama:
hii, alisema, ni hukumu juu ya sanaa inayokula watu.
Tukapiga makofi.
Msuya wa redio, mtu anayebishana hata na salamu,
akasema la, hii ni sifa; bila vichaa kama yule
tungebaki na mikanda ya harusi.
Tukapiga makofi vilevile.
Mwanafunzi mmoja akauliza mbona mke hana jina.
Swali lilipita kama treni ya mizigo
kwenye stesheni isiyo na mtu.
Mimi nilikwisha kuandika daftarini,
“picha inayojua kusubiri,”
nikajipenda, nikapiga mstari.

Ndipo akainuka Mama Sechelela, safu ya tatu,
yule aliyeigiza mwenye ndoo.
“Mbukwenyi,” akasema. Tukaitikia.
“Mmenena vizuri kwamba bwana yule hakuwa na huruma.
Sasa namuuliza huyu kijana wa mbele, aliyetutengenezea picha.
Maji yalikuwa ya kisima chetu Manchali,
mwezi wa kumi, siku ya zamu yetu.
Kwenye sinema ndoo ni arobaini na mbili.
Sisi tulimwaga ngapi?”

Mwongozaji, huyu wa kweli, akatazama viatu vyake,
viatu vizuri, vumbi la Dodoma halijavizoea.
Nyuma kabisa, kijana aliyeshika kibao cha namba,
ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhesabu,
akajibu kama anayeitwa na mwalimu:
“Sitini na saba.”

Makofi hayakuja.
Chibehe alianza, “Hilo nalo linaonyesha…” akaliacha njiani.
Mama akaketi, akafungua kifuko cha ubuyu,
akampa mjukuu, akamfuta mikono kwa upindo wa kanga.

Na bado, niseme kweli, maji yale yalikuwa mazuri.
Yalisimama hewani kama yameitwa jina.
Ningelipa tena kuyaona,
na hapo ndipo kalamu iliponikwama,
maneno mia mbili na kumi, saa tatu na nusu,
nyumbani Ipagala, bomba likikohoa hewa tupu.

Simu ikaita.
“Nyota ngapi?”
“Sitini na saba.”
“Mtandao unakata. Ngapi?”
Nikarudia.
“Sawa, sawa,” akasema, akakata.

Asubuhi, gengeni Majengo, muuza nyanya
alikuwa anafungia fungu langu kwa ukurasa wa sanaa.
Nyota nne.