Mizani ya Maji

Miaka thelathini na mmoja nilipima maua ya pareto
kiwandani Nakuru, gunia kwa gunia,
mshale wa mizani ukinitazama.

Jumanne hii nina sabini na mbili,
kofia ya mpira kichwani,
na vazi ambalo binti yangu Wamaitha hataki hata kulitaja.

"Legeza mabega, shosho," asema mwalimu,
kijana wa rika la wajukuu.
Nalegeza. Maji puani.
Nakohoa, nacheka, naomba tena.

Kisha masikio yanazama,
mji unanyamaza,
na mwili huu, na magoti yake mabovu,
unakosa uzito.

Mshale umelala kwenye sifuri.

Namuuliza kijana:
kule mwisho,
kina chake ni kiasi gani?